Jumamosi nzima mume wangu anakausha gari, na mtoto wetu yuko naye ziwani

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Buswelu hapa Mwanza. Jambo hili nimekaa nalo tangu Pasaka. Nilikuwa naona aibu kuliandika, maana kila ninayemweleza anacheka na kuniambia nimshukuru Mungu mume wangu hayuko baa.

Ni kweli mume wangu ni mtu mzuri. Hanywi, hajawahi kuninyooshea mkono, ada za watoto analipa kabla shule hazijafunguliwa. Mwaka juzi, baada ya kuweka akiba Saccos kwa miaka sita na kukopa kidogo juu yake, alinunua Toyota Premio nyeusi. Tulifurahi wote. Usiku ule watoto walikataa kuingia ndani, wakalala kwenye viti vya gari mpaka tulipowabeba mmoja mmoja.

Tangu hapo Jumamosi si yetu tena. Saa moja asubuhi anapakia ndoo mbili, sabuni ya unga, sponji na matambara kwenye buti, anamchukua mwanetu wa miaka minane, wanakwenda mwaloni. Pale wenye magari wanayaingiza majini mpaka nusu ya tairi, wanaosha. Mtoto anasimama maji yakimfika magotini, anasugua rimu, na anaipenda kazi hiyo kweli.

Nilidhani kinachokula muda ni kuosha. Siku moja nikafuatana nao, nikapima kwa simu. Kuosha dakika 50. Kukausha saa mbili na dakika 40! Anafuta mlango, anarudi nyuma hatua tatu, anainamisha kichwa, anaona doa jeupe la maji, anarudi kulifuta. Akimaliza mlango, boneti imeshatoa madoa mengine. Akifika nyumbani anaanza ndani: makapeti, dashibodi, matundu ya kiyoyozi anayachokonoa kwa pamba za masikioni. Kitambaa anakiweka chini saa saba mchana. Halafu kila asubuhi ya kazi anafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, dakika 20 au 25, na vumbi la huku kwetu unalijua. Ukifika msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, ndiyo kabisa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka Magu. Alishuka stendi ya Nyamhongolo saa nne asubuhi, ana kiroba cha michembe na kuku wawili. Mume wangu alikuwa ameahidi kumpokea akitoka ziwani. Saa tano nikampigia, akasema anamalizia kukausha. Saa sita akasema imebaki boneti. Ilipogonga saa saba kasoro mama bado yuko kwenye benchi. Mume wangu alipofika alimwamkia kwa heshima zote, akapanga mzigo kwenye buti juu ya turubai, kuku akawakabidhi bodaboda. Kisha akamwomba mama ang'ute miguu kabla ya kuingia.

Mama yangu ana miaka 67. Alivua kandambili, akazigonga moja kwa nyingine, akakaa kiti cha nyuma. Alipofika uani kwetu alishuka pekupeku, kandambili ziko mkononi. Mtoto ndiye aliyeniambia usiku kwamba bibi alizishika njia nzima.

Mama hakusema neno. Alikuwa akae wiki mbili. Jumatatu aliamka alfajiri akaniaga, akasema atapanda daladala mwenyewe mpaka stendi.

Nilipomuuliza mume wangu alisema naonea gari wivu. Sasa nimeanza kujiuliza kama tatizo ni mimi. Mtoto naye siku hizi analalamika tumbo asubuhi, nadhani anajifunza kukwepa shule. Na gari lenyewe, Shangazi, pamoja na kuoshwa kote huko, naona linafifia. Likiwa juani linaonyesha mikwaruzo midogo ya duara kama utando wa buibui. Hilo sijathubutu kumwambia.

Nizungumze naye vipi bila kugombana?

Mama Watatu, Buswelu

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na usiendelee kujiuliza kama tatizo ni wewe. Uliyoyaandika ni mambo matatu, na wivu haumo. Nitaanza na lile ulilolipitia kwa haraka, kwa sababu hilo halingoji mazungumzo ya mume na mke.

Mtoto wako wa miaka minane anasimama ziwani kila Jumamosi, maji magotini, na siku hizi tumbo linamuuma. Usikae ukimdhania uvivu wa shule. Mpeleke kituo cha afya apimwe choo, na mweleze daktari wazi kwamba mtoto anaingia ziwani kila wiki. Siwezi kumpima kwa barua, na tumbo la mtoto lina sababu nyingi. Ila kwa sisi wa kandokando ya ziwa hili, kichocho ndicho cha kwanza kukifikiria.

Kichocho cha tumbo kinakwenda hivi. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia karibu na maji, mayai yanaingia ziwani, yanaanguliwa, wadudu wake wanaingia kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kando. Baada ya wiki kadhaa konokono anawatoa tena majini, wengi zaidi jua likiwa limepanda, na hao ndio wanaopenya ngozi ya mtu. Hawahitaji kidonda. Dakika chache zinawatosha. Kujifuta taulo haraka ukitoka si kinga ya kutegemea. Mwanzoni mtoto anaweza kuumwa tumbo, kuharisha, kutoa choo chenye damu, au asionyeshe chochote. Ukiachwa miaka, ugonjwa unaharibu ini na tumbo linavimba. Hapa Mwanza kituo cha taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kimekishughulikia kichocho kwa miaka mingi, na si kwa bahati mbaya kwamba kiko hapa ziwani.

Na hili mume wako alisikie vizuri. Ng'ambo yetu, Kisumu, waosha magari wanaosimama ziwani walifuatiliwa na watafiti wa kichocho kwa miaka. Walichaguliwa wao kwa sababu kazi yao inawarudisha kwenye maambukizi kila siku: wanapimwa, wanapewa dawa, wanapona, wanarudi majini, wanaambukizwa tena. Kwa hiyo mume wako naye apimwe, na ndugu za huyo mtoto kama huwa wanafuatana nao.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na vidonge hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu. Haiui vizuri minyoo ambayo bado michanga, kwa hiyo mkipewa, mwulizeni mhudumu kama mrudi kupimwa baada ya wiki kadhaa. Dawa hiyo haitamsaidia mtoto anayerudishwa mwaloni Jumamosi ijayo.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo lisilofanyiwa shughuli za kuharibu mazingira. Gari likiwa nusu tairi majini, oili ya injini, grisi na povu la sabuni vinaingia kwenye maji ambayo jiji hilihili linayavuta, linayasafisha na kuyaleta kwenye mabomba yetu. Sisi tulioliona gugu maji likifunga mialo, lile lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, tunajua ziwa likilishwa uchafu linarudisha nini. Hilo sitalirefusha. La mtoto linatosha kumtoa majini.

Sasa gari. Utashangaa nikikuambia kwamba naona hapa ndipo mlango wa mazungumzo yenu ulipo, kwa sababu mume wako anafanya kazi kubwa isiyompa anachokitafuta. Marehemu kaka yangu alipiga rangi magari Nyakato zaidi ya miaka 20, nami niliwahi kuwapikia mafundi wake chakula cha mchana. Utando wa buibui ulioueleza niliuona kwa macho yangu kwenye magari ya watu waliokuwa wakiyapenda kupita kiasi. Kaka alikuwa anamshika mwenye gari bega, anamsogeza mpaka jua lipige boneti kwa ubavu, anamwambia: hii si jua, si mvua, ni mkono wako.

Vumbi letu ni mchanga uliosagika. Kila asubuhi mume wako anapopitisha kitambaa kikavu juu yake, anausugua mchanga huo kwenye rangi. Kwenye gari jeupe usingeona, lakini jeusi halifichi kitu. Mwaloni mambo yanazidi: sponji inaanguka kwenye mchanga, inasuuzwa kwenye maji yaliyotibuliwa na matairi, inarudi kwenye mlango. Sabuni ya unga nayo ni kali, inaondoa nta inayoilinda rangi. Rangi isiyo na nta inashika maji badala ya kuyatelezesha, ndiyo maana kukausha hakuishi.

Yale madoa meupe yanatoka hapohapo. Maji yakikauka yenyewe juu ya bati huacha kila kilichokuwemo: chumvichumvi, tope laini, mabaki ya sabuni. Gari jeusi kwenye jua la saa tatu au saa nne linachemka, maji yanakauka kabla mkono haujafika. Akiwa mlango wa kushoto, kulia kunajichora. Ndiyo ile saa mbili na dakika 40 uliyoipima. Mume wako anashindana na jua, na jua halichoki.

Mwambie aoshe nyumbani, kivulini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bati likiwa la baridi. Kwa kuwa maji yenu huenda ni ya mgao, mjaze mapipa mapema. Kama ni ya kisima chenye chumvi, maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua. Aanze kwa kumwagia maji tu, bila kugusa, vumbi lilainike na kuteremka. Halafu ndoo mbili: moja ya sabuni laini ya kuoshea magari, nyingine ya maji matupu, na kila akimaliza kipande kimoja kitambaa kinasuuzwa kwenye maji matupu kabla hakijarudi kwenye sabuni. Kuanzia juu kushuka chini, rimu mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chake. Rimu hizo ni za mwanao. Asimnyang'anye kazi anayoipenda kwa sababu tu imehama kutoka ziwani.

Kukausha kuna ujanja mmoja ambao kaka alikuwa akiwafundisha vijana wake siku ya kwanza. Suuza ya mwisho isiwe ya kurusha. Toa kichwa cha mpira wa maji, uache maji yateremke polepole kutoka juu ya paa kama shuka, nayo yatabeba matone mengi yakienda. Kinachobaki kinachukuliwa na taulo kubwa la maikrofaiba: unalilaza juu ya boneti, unalivuta taratibu, husugui. Taulo la pili, dogo, linamalizia vioo na vishikio vya milango. Dakika 15, ukichelewa sana 20. Kila baada ya miezi miwili au mitatu apake nta, na atashangaa maji yanavyokimbia yenyewe. Mikwaruzo iliyokwishaingia, fundi mzuri anaweza kuipunguza kwa polishi, ila si jambo la kurudia kila mara, kwa kuwa tabaka la juu la rangi ni jembamba.

Asubuhi za kazi aliache gari na vumbi lake. Kama limemzidi, ndoo moja ya maji bila kusugua. Na wale wadudu wa ziwani, mwambie aangalie mwezi: wengi wao huibuka karibu na mwezi kuandama. Kuosha kwa bidii jioni ya siku hizo ni kazi bure. Wakishakauka kwenye kioo wasikwanguliwe, walazwe kitambaa chenye maji dakika chache, watatoka kwa kufuta mara moja.

Ukijumlisha, nje hakufiki saa nzima na ndani dakika 20. Saa mbili asubuhi gari limekauka, chai iko mezani, na Jumamosi haijaanza.

Nimepiga hesabu ya muda anaoutumia sasa. Saa sita za Jumamosi, na karibu saa mbili za asubuhi tano za kazi, ni saa nane kwa wiki. Kwa mwaka ni saa 416, yaani siku 17, mchana na usiku. Nimekuandikia ili ujue kwamba hukuwa unatia chumvi. Usimsomee. Mtu aliyeweka akiba miaka sita akisikia hesabu hiyo atasikia kwamba hakustahili kununua. Nami namwelewa. Kazi ya ofisini haina mahali unaposimama ukasema imekwisha, lakini mlango wa gari ukiufuta unauona umekwisha. Tena yuko na mwanawe. Mwachie saa moja hiyo na uilinde. Usimtume dukani katikati yake.

Usizungumze naye Ijumaa usiku wala Jumamosi akiwa na kitambaa mkononi. Chagua siku ya katikati ya wiki, watoto wamelala. Anza na mtoto: tumbo, kituo cha afya, ziwa. Hapo usiombe. Sema mtoto haingii tena majini, basi. Kuhusu gari, usimpe somo la ndoo mbili kutoka kwa Shangazi, hatalipokea. Siku jua likiwa kali mwite aone boneti kwa ubavu, umuulize kile ni nini. Ataanza kuuliza mafundi mwenyewe.

Limebaki la mama yako, ambalo ndilo linaloniuma mimi. Kuchelewa kwa saa tatu kunaombewa radhi na kunakwisha. Mkwe kung'utishwa miguu mlangoni mwa gari, mbele ya mjukuu wake, hakukwishi kwa kunyamaziwa. Kwetu huku mkwe anapokewa hata akija na tope la shambani, na mume wako analijua hilo. Alimwamkia kwa heshima, umesema mwenyewe. Nadhani hakuona. Mama alikaa nyuma, yeye anatazama barabara, hakujua kandambili ziko mkononi.

Basi mwonyeshe. Mwambie hivi tu: "Baba, mama alishika kandambili zake mkononi tangu Nyamhongolo hadi hapa. Mtoto ndiye aliyeniambia." Kisha nyamaza. Usiongeze gari, usiongeze Jumamosi, usiseme namba yoyote. Akinyamaza naye, mwache anyamaze hata siku mbili. Mwanaume uliyemwandika kwenye barua hii, anayelipa ada kabla shule hazijafunguliwa, sentensi hiyo atalala nayo.

Akikuuliza afanye nini, usimwambie apige simu. Aende Magu. Mama yako arudi kumalizia zile wiki mbili zake, akae kiti cha mbele, aingie na miguu alivyo nayo. Kuku wakaribishwe humohumo kwenye gari, ndani ya tenga. Na Jumamosi hiyo asilioshe gari kabla ya kuondoka.

Kituo cha afya ni Jumatatu, kabla ya shule. Majibu yakitoka, niandikie.

Shangazi